Mtarumbeta wangu hautoi maua, umenidhuru jicho, na nina mtoto mdogo. Niutupe?

Shikamoo Mama,

Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika na mimi mwenyewe sijui nimsikilize nani.

Mwaka jana dada yangu alipokuja kumwona mtoto aliniletea kijiti cha ule mti wa tarumbeta la malaika, ule wenye maua marefu yanayoning'inia kichwa chini, jioni yananukia mpaka mpita njia anasimama. Kwake una maua mengi hadi majani huyaoni. Basi na mimi nikakipanda kwenye poti la plastiki, kama la lita 10 hivi, nikaliweka barazani mlangoni kabisa ili kila anayeingia auone. Kilishika haraka, kikakua, yaani miezi michache tu ukanipita kiuno. Lakini ua hata moja sijaliona Mama. Unakwenda juu tu, shina moja limenyooka kama fimbo, na kila ukifika usawa wa kifua changu naukata kichwa nikidhani utatoa matawi unenepe, nimeshaukata mara tatu, unachipua tena unapanda, maua hamna. Na majani ya chini yanageuka njano yanadondoka, na mchana unalegea wote, nikiumwagilia jioni unasimama, kesho saa sita umelala tena.

Hayo ningevumilia. Shida yenyewe ni hii. Wiki tatu zilizopita nilikuwa naukata, mikono mitupu, jua kali, jasho linashuka machoni nikawa najifuta kwa mkono huo huo. Sikusikia kuwashwa wala maumivu. Baada ya saa chache naona maandishi ya kwenye simu hayasomeki kwa jicho la kulia, mwanga unaniumiza, nikaenda kwenye kioo nakuta mboni ya kulia imetanuka karibu imejaa jicho zima na ya kushoto iko kawaida. Niliogopa sana. Mume wangu akanikimbiza hospitali, wakaniuliza kama nimeanguka, kama nimegonga kichwa, kama mkono mmoja umekosa nguvu, wakasema huenda ni kiharusi au kitu kwenye ubongo, nikapigwa picha ya kichwa, haikuonyesha kitu. Usiku ule sikulala, nilikaa tu namwangalia mtoto. Baada ya siku nne mboni ikarudi yenyewe taratibu. Hakuna aliyeniuliza habari za mimea na mimi wala sikuwaza kuzitaja, mpaka juzi dada ndio akaniambia kwamba huo mti una sumu, akadhani najua.

Sasa mume wangu anasema utoke leo leo na uchomwe moto. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi saba, anatembea, kila anachookota kinaenda mdomoni, na tuna paka. Mama mkwe yeye anasema tunajitisha bure, kwao ulikuwepo uani miaka yote na hakuna aliyekufa. Mimi unanipa uchungu kuutupa kwa sababu ni zawadi ya dada, na aliniletea kipindi ambacho nilikuwa nimechoka mwili na roho, kuumwagilia asubuhi ndio kilikuwa kitu changu peke yangu.

Niambie ukweli. Jicho lilikuwa ni mti kweli? Kwanini hautoi maua? Na niutupe?

Mwanao, mama wa mtoto mmoja

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku ule.

Nianze na jicho. Mimi si daktari, ni mtu wa bustani niliyeipanda miti hii kwenye mapoti kwa miaka mingi, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, mikono mitupu, utomvu, jasho, jicho moja tu, hakuna maumivu, na baada ya siku nne imekwisha, ni mti huo. Jina lake la kitaalamu ni Brugmansia na ni wa ukoo mmoja na nyanya, viazi, tumbaku na mnanaha. Ndani yake, kuanzia mzizi mpaka chavua ya ua, kuna sumu tatu, skopolamini, hayosiamini na atropini. Sasa atropini ni hiyo hiyo ambayo madaktari wa macho huwatia wagonjwa kwa matone wakitaka mboni itanuke. Wao wanatia kwa kipimo, wewe ulijitia kwa kiganja. Haiwashi wala haichomi, inalegeza tu ule msuli unaobana mboni, ndio maana hukujua lolote mpaka ulipofika kwenye kioo.

Na waliokupokea hospitali usiwalaumu, walifanya kinachotakiwa, maana mboni moja ikitanuka ghafla inaweza kuwa damu inavuja kichwani na hilo halisubiri. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: nilikuwa nakata mti fulani. Kwa hiyo siku utakayopita pale tena waambie waliandike kwenye faili lako. Na ikitokea tena kwako au kwa mtu mwingine, osheni jicho kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 msizipunguze, halafu nendeni, mkiwa na picha ya mti kwenye simu au jani moja ndani ya mfuko uliofungwa. Nendeni hata kama mna uhakika ni mti. Kichwa kikiuma sana, kope ikianguka, au upande mmoja ukikosa nguvu, hapo usithubutu kusema aah ni yale maua tu.

Jicho lakini ndio sehemu ndogo ya habari, na hapa mama mkwe wako naomba anisikilize kwa heshima zote. Anachosema ni kweli kwa alichokiona yeye. Ila mti huu haulingani nguvu, mmoja na mwingine wanatofautiana, msimu huu na ule, jani na mbegu, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukwambia majani mangapi hayana madhara, hata mimi. Mtu akila au akinywa chai yake kinywa kinakauka, ngozi inakuwa nyekundu na moto, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo, na ikizidi degedege, kupoteza fahamu, na kufa. Watu wamekufa. Kuna vijana wanaouchemsha kwa makusudi wakitafuta kulewa, kama kuna kijana anakaa hapo kwenu mwambieni waziwazi, msimfiche. Na mtoto wa mwaka na nusu mwili wake ni mdogo, kinachomlevya mtu mzima kwake ni kingine kabisa. Paka vilevile.

Sasa jibu. Mti utoke. Hapo mume wako yuko sahihi na usibishane naye.

Najua utaniuliza, nikiupandisha juu ya ukuta je, au kwenye meza ndefu? Hapana, na sababu ni ua lenyewe. Ua la mtarumbeta linakaa siku chache tu kisha linadondoka lenyewe, zima, laini, kubwa kama mkono wa mtoto, linanukia, na linaanguka chini. Yaani kadiri utakavyoliweka poti juu ndivyo maua yatakavyoshuka pale pale anapotambaa na kutembea mwanao. Na watoto wanapenda kunyonya kitako cha ua. Utayaokota mara ngapi kwa siku? Mie wajukuu walipoanza kusimama niliitoa yangu yote, minne, na ile miaka mitatu baraza ilikuwa tupu na nilikuwa nikiitamani kila jioni, lakini nililala.

Ila kuchoma moto hapana! Tafadhali mwambie leo kabla hajawasha kiberiti. Ile sumu inabebwa na moshi. Zamani majani ya mnanaha, ndugu yake huyu, yalisokotwa sigara zikauzwa kama dawa ya pumu, na zilifanya kazi kwa sababu moshi uliiingiza dawa kifuani. Mkichoma mti mzima uani mtauvuta nyinyi wote na majirani.

Urudishe kwa dada yako. Hujasema kama ana watoto wadogo, kama wapo basi mtu mwingine mzima asiye na mtoto wala mbwa anayetafuna kila kitu. Na usilie kwamba zawadi imepotea, kwa sababu mti huu una historia ambayo nadhani itakutuliza. Asili yake ni Amerika ya Kusini, milima ya Andes na upande wa kusini mashariki wa Brazili, jina ulipewa kwa heshima ya mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Brugmans. Aina zinazotambuliwa ni 7, na zote 7 zimeorodheshwa kuwa hazipo tena porini. Zote. Imebaki ile inayopandwa na watu tu, kijiti kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kwa hiyo ukikirudisha kwa dada unafanya kile kile kilichoufanya mti huu uwe hai mpaka leo, na mtoto akifika umri wa kuelewa neno "usiguse" na kulitii, dada atakukatia kingine.

Na safari hiyo akukatie mahali sahihi, maana ndipo tunafika kwenye maua.

Mwanangu, maua umeyakata wewe mwenyewe kwa mkasi ule ule uliokuletea shida ya jicho. Mtarumbeta mchanga unapanda na shina moja tu mpaka ufike urefu fulani, mara nyingi mita moja, moja na nusu, wakati mwingine zaidi, halafu unagawanyika panda, kama herufi Y. Maua yanaanzia pale kwenye panda na kwenda juu, chini ya hapo hautoi kitu. Sasa wewe kila ukikaribia kugawanyika unaurudisha chini, mara tatu, unaanza upya. Ukiachwa hivyo hivyo ulivyo bila kuguswa utagawanyika na utamletea dada yako maua, mwambie asiukate. Na baada ya panda kutokea ukitaka kuupogoa unakata juu yake, unaacha vifundo kadhaa, hushuki chini ya panda hata siku moja.

Kijiti ulichopewa inaelekea kilitoka chini ya panda, labda chipukizi la kwenye shina, ndio maana kilibidi kianze safari yote toka mwanzo. Kijiti kilichokatwa juu ya panda kinakumbuka kwamba kimeshakuwa mtu mzima, kinaweza kutoa maua kikiwa bado kifupi, na mti unabaki mfupi wenye kichaka, ndio unaofaa kwa poti. Utakitambuaje? Angalia jani pale linapokutana na kikonyo. Chini ya panda pande mbili za jani zinaanza sawasawa, juu ya panda upande mmoja unaanza chini kidogo kuliko mwenzake, limekaa pogo. Ukishaliona mara moja hutasahau. Chukua kijiti kigumu kiasi, si kile kilaini cha kijani kabisa, sentimita 15 hadi 20, punguza majani yabaki mawili matatu, kichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, kivulini, wiki mbili mpaka nne kina mizizi.

Poti lako la lita 10 ni dogo, na hili ndilo linalouangusha mti kila mchana. Majani yale ni mapana sana, jua la saa sita linayavuta maji haraka kuliko mizizi iliyobanwa inavyoweza kuyapandisha, hata kama udongo umelowa. Kwa hiyo kabla hujamwaga maji tia kidole. Kama chini kuna unyevu, acha, sogeza mti kivulini, jioni utasimama wenyewe, ukizidisha maji hapo unaozesha mizizi na mti uliooza mizizi nao unalegea hivyo hivyo halafu unamwagilia tena, wengi wameiua hivyo. Kama ni mkavu, mwagilia mpaka yatoke chini kwenye matundu. Kipindi cha joto mti mkubwa kwenye poti unaweza kutaka maji asubuhi na jioni, wala usishangae. Jua la asubuhi unalipenda, la mchana upate kivuli. Ukikua unauhamisha, lita 20, kisha 40 au zaidi, usiruke kutoka dogo kwenda kubwa mno mara moja, na tafuta poti lenye kitako kipana, kwa sababu juu ni mzito na upepo unaliangusha na ukivunjika matawi utomvu unamwagika kila mahali.

Majani ya njano ni njaa. Mti huu unakula jamani, na kwenye poti kila unapomwagilia unaiosha mbolea inatoka chini. Mbolea ya kuyeyusha kwenye maji kila wiki au kila wiki mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ndio tofauti ya mti wako na wa dada. Majani mazee machache kudondoka ni kawaida lakini geuza jani uangalie chini yake, ukiona vidoti vidogo vidogo na utando mwembamba ni utitiri, nao wanaupenda kweli kweli, na nzi weupe vilevile. Mara nyingi maji ya nguvu chini ya majani kila baada ya siku chache yanatosha ukiwahi, ila vaa miwani, yale maji yanakurukia usoni.

Na ujue maua yake yanakuja kwa mawimbi, unajaa mti mzima, yanaisha, unakaa kimya wiki kadhaa, unajaa tena. Usiku ukiwa na ubaridi kidogo yanakuja zaidi, joto likizidi unasusa. Hujaniambia kama unakoishi kuna baridi ya kugandisha maji, kama ipo uingizwe ndani kabla haijafika, mahali pa baridi kidogo na maji machache, utapukutisha majani na wala haujafa.

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili dada anautoa kwenye poti, anapunguza mizizi ya pembeni iliyozunguka, anaurudisha na udongo mpya wenye mboji. Udongo wa zamani wenye vipande vya mizizi asiupandie mboga.

Sasa siku ya kuutoa. Mtoto awe kwa bibi yake, si chumba cha pili, awe hayupo kabisa. Glavu za mpira, si za kitambaa, kitambaa kinanyonya utomvu na kukuwekea kwenye ngozi saa nzima. Mikono mirefu, miwani yoyote hata ya jua. Kama mmojawenu anavaa lenzi za macho azitoe kabla. Jasho likija acha kazi, vua glavu, nawa, ndio ujifute, na hili nakusisitizia wewe kwa sababu ndipo ulipoumia. Kama kuna tawi la kukata lisiwe juu ya uso, utomvu unadondoka. Majani yote yaliyoanguka okoteni yaingie kwenye mfuko, fungeni, yaende na taka, yasiende kwenye lundo la mboji ambalo kuku au sungura wanaparua. Mkimaliza osheni glavu zikiwa bado mkononi, kwa sabuni, ndio mzivue. Fagia baraza, pigeni deki, angalieni na nyuma ya mlango, jani kavu nalo lina sumu ile ile.

Dada naye mwambie maua asiyakate kuyaweka chumbani kwenye chombo, ile harufu ndani ya chumba kilichofungwa inawapa watu wengi kichwa, na aandike jina la mti kwenye kibao kidogo pale kwenye poti, ili mgeni au mtu anayemsaidia kazi ajue anachoshika. Wewe ulikaa nao zaidi ya mwaka hujui jina lake kamili wala tabia yake, na aliyekupa alidhani unajua.

Asubuhi zako usiziache. Chukua poti lile lile, lisugue vizuri kwa sabuni, weka udongo mpya, panda kitu ambacho mwanao anaweza kukishika na kukinusa, mmwagilie pamoja. Nitafurahi ukiniandikia umepanda nini.

Na mkasi uliotumia siku ile, kama ndio huo huo unaokatia mboga jikoni, uoshe leo.